Namna ya kuitafuta sayari changa ndani ya diski ya nyota

Sayari huundwa ndani ya diski ya gesi na vumbi inayoizunguka nyota changa, na diski hiyo haikai muda mrefu: kwa nyota nyingi gesi huwa imetoweka kabla ya miaka milioni 10, na mara nyingi mapema zaidi. Anayetaka kuiona sayari ikiwa bado inakua hana budi kuitafuta ndani ya kipindi hicho, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa kuwa malighafi ileile inayoijenga sayari ndiyo inayoificha. Mwongozo huu umeandikwa kwa mwanafunzi wa fizikia, mwalimu, au mpenzi wa astronomia mwenye kompyuta ya kawaida, anayezimudu hesabu za sekondari na aliye tayari kukaa na data kwa siku kadhaa. Si lazima awe na darubini, kwa sababu sehemu kubwa ya data bora za uwanja huu imewekwa wazi kwa umma.

Kanuni moja ishikwe tangu mwanzo: pengo katika vumbi ni dalili tu, na dalili hiyo peke yake haitoshi kutangaza sayari. Mwaka 2014, darubini ya redio ya ALMA ilipotoa picha ya HL Tau, nyota changa sana iliyoko umbali wa miaka ya nuru 450 hivi katika kundinyota la Ng'ombe, wengi waliziona pete zake za vumbi na mapengo ya giza katikati yake, wakalipa kila pengo sayari yake. Huenda baadhi ya mapengo hayo kweli yana sayari. Lakini vumbi hukusanyika popote shinikizo la gesi linapopanda, na zipo sababu kadhaa za kulipandisha shinikizo hilo bila sayari yoyote, zikiwemo nguvu za sumaku ndani ya diski. Isitoshe, kwenye umbali ambapo gesi fulani huganda na kuwa barafu juu ya punje za vumbi, tabia ya punje hizo hubadilika na pete inaweza kujitokeza. Picha za pete zinavutia mno, na nadhani ndiyo sababu watu huziamini kupita kiasi.

Kuichagua nyota

Chagua nyota iliyo karibu, yenye diski kubwa na angavu. Maeneo yanayozaa nyota katika makundinyota ya Ng'ombe, Hawaa na Dhibu yako kwenye umbali wa miaka ya nuru kati ya 450 na 520 hivi, na zipo nyota chache zilizo karibu zaidi. Jambo la pili la kuangalia ni mwinamo, yaani pembe ambayo diski imeinama kutoka kwenye hali ya kutugeukia uso kwa uso. Diski iliyotugeukia uso kwa uso huonyesha vizuri mapengo yake na huwafaa wanaotafuta nuru ya sayari yenyewe, lakini kwa kuwa gesi yake haitusogelei wala haituondokei, mzunguko wake haupimiki kwa urahisi. Diski inayoonekana kwa ukingo, kwa upande wake, hufunika kila kitu. Kwa kazi ya gesi, mwinamo wa nyuzi 30 hadi 60 ndio unaofaa.

Katika maelezo yanayofuata nitatumia nyota HD 163296 iliyo katika kundinyota la Mshale. Iko umbali wa parsek 101, yaani miaka ya nuru 330 hivi, masi yake ni karibu mara mbili ya masi ya Jua, na diski yake ina mwinamo wa nyuzi 47 hivi. Haionekani vizuri kwa macho matupu, ila kwa darubini ndogo ya mkononi mtu aliyeko Dodoma au Mombasa anaweza kuiona karibu na utosi mwezi wa Julai, saa nne usiku. Ataona nukta tu, bila diski yoyote, lakini si vibaya kuijua nyota ambayo data zake utakaa nazo.

Kuzipata data

ALMA ni mkusanyiko wa antena 66 kwenye uwanda wa Chajnantor, jangwa la Atacama nchini Chile, kwenye mwinuko wa mita 5,000 ambako hewa ina unyevu kidogo sana. Antena hizo zikitawanywa hadi kilomita 16, huweza kutenganisha vitu vilivyoachana kwa takriban sehemu mbili za mia za sekunde ya tao. Sekunde moja ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja. Waombaji waliopewa muda hupewa kwa kawaida miezi 12 ya kuzitumia data zao peke yao. Baada ya hapo data huingia kwenye hifadhi iliyo wazi, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzichukua bila malipo.

Usianze na data ghafi. Ni nzito mno, na kuzisafisha ni kazi ya kujitegemea yenye mitego yake. Tafuta picha zilizokwisha kutengenezwa na miradi mikubwa: DSHARP, uliotoa mwaka 2018 picha za vumbi za diski 20, MAPS, uliotoa mwaka 2021 data za molekuli nyingi katika diski tano, HD 163296 ikiwa mojawapo, na exoALMA, uliotoa mwaka 2025 data za gesi za diski 15, nao ulibuniwa mahsusi kwa utafutaji huu. Faili huwa katika FITS, muundo wa kawaida wa data za astronomia, na zile za gesi huweza kufika gigabaiti kadhaa kila moja, kwa hiyo mwenye kutegemea kifurushi cha simu afanye kazi hiyo usiku. Kwa kuzitazama, programu ya CARTA inatosha na inaendeshwa hata kwenye kompyuta ndogo. Utahitaji pia lugha ya programu ya Python, na baadaye vifurushi viwili vidogo vilivyoandikwa kwa kazi hii hii: bettermoments na eddy.

Kuyapima mapengo ya vumbi

Fungua picha ya vumbi ya HD 163296 iliyopigwa kwenye urefu wa wimbi wa milimita 1.3 hivi. Pete zilizoinama huonekana kama duaradufu: pima mapengo kwenye mstari wake mrefu, kwa sababu upande mfupi umefupishwa na mwinamo. Kugeuza pembe kuwa umbali halisi ni rahisi: zidisha sekunde za tao kwa parsek, jibu linakuja katika vizio astronomia, na kizio kimoja ni umbali wa Dunia kutoka kwenye Jua. Pengo lililo kwenye sekunde 0.48 liko basi kwenye vizio 48, na lililo kwenye sekunde 0.85 liko karibu na vizio 86. Yaandike yote, pamoja na upana wake, kisha yaweke kando. Yatarudi baadaye kama mashahidi wa pili.

Kuifuata gesi

Hapa ndipo muda wako utumike. Sehemu kubwa ya gesi ya diski ni hidrojeni, lakini kwenye baridi ile molekuli ya hidrojeni haitoi ishara inayofaa, kwa hiyo wataalamu hutumia monoksidi ya kaboni. Aina yake ya kawaida hutoa mstari kwenye masafa ya gigahezi 230.538, wenye ishara kali inayotoka kwenye tabaka za juu za diski. Aina zenye kaboni 13 au oksijeni 18 hutoa ishara hafifu zaidi, ila zinachungulia ndani zaidi, karibu na tabaka la katikati ambako sayari hukaa.

Faili la gesi si picha moja bali ni mchemraba: picha nyingi zilizopangwa kwa kufuata masafa, na kila moja huitwa chaneli. Kwa athari ya Doppler, gesi inayotujia hupandisha masafa na inayotuondokea huyashusha, hivyo kila chaneli huonyesha gesi yenye kasi moja tu kuelekea kwetu au kutoka kwetu. Tofauti ya kilomita 0.1 kwa sekunde ni sawa na kilohezi 77 kwenye mstari huu, na ALMA hulipima hilo bila taabu.

Sogeza chaneli polepole, moja baada ya nyingine. Kama diski inazunguka kwa utulivu kwa kufuata sheria ya Kepler, yaani gesi iliyo mbali na nyota ikienda polepole kuliko iliyo karibu, kila chaneli itaonyesha tao laini linalofunguka kutoka kwenye nyota, na tao hilo litahama kwa mpangilio kadiri kasi inavyobadilika. Sayari ikiwepo, mvutano wake huikazia au kuilegezea mwendo gesi iliyo jirani, na tao hilo huharibika mahali pamoja tu, kama mshono wa kanzu uliovutwa na uzi mmoja. Mahali hapo huitwa mkunjo.

Kwa HD 163296 fanya hivi. Kasi ya mfumo mzima kwenye mstari wa macho yetu ni kilomita 5.8 kwa sekunde. Hiyo ndiyo chaneli ya katikati. Nenda mbele hadi karibu na kilomita 6.8, kisha kaza macho upande wa kaskazini wa nyota, umbali wa sekunde mbili na robo hivi. Hapo tao, badala ya kupita laini, linatoka nje kidogo na kurudi. Sasa rudi upande wa pili hadi karibu na kilomita 4.8: tao la upande huo halina mkunjo. Kukosekana huko ndiko kunakoipa ishara uzito, kwa sababu jambo linaloihusu diski nzima, kama kupanda kwa joto kwenye duara zima, lingejitokeza pande zote mbili. Mkunjo huu ulitangazwa mwaka 2018 na kundi lililoongozwa na Christophe Pinte, nao ulielezwa kuwa ni kazi ya sayari yenye masi kama mara mbili ya Mshtarii, iliyoko vizio 260 kutoka kwenye nyota.

Jihesabie mwenyewe kama jambo hilo linaingia akilini. Dunia huenda kilomita 29.8 kwa sekunde kuzunguka Jua. Gawanya masi ya nyota, yaani 2, kwa umbali wa 260, chukua kipeuo cha pili cha jibu, zidisha kwa 29.8, utapata kilomita 2.6 hivi kwa sekunde. Mkunjo ulipimwa kuwa na ukubwa wa kilomita 0.4 hivi, yaani gesi imeyumbishwa kwa karibu asilimia 15 ya kasi yake. Sayari ndogo kama Dunia haiwezi kufanya hivyo. Njia hii hukamata majitu tu, na anayeitumia kutafuta sayari ndogo anajisumbua.

Ipo pia njia ya upole zaidi, nayo haitegemei jicho. Tengeneza kwa bettermoments ramani moja inayoonyesha kasi ya gesi kwenye kila pikseli, kisha iruhusu eddy itafute diski ya Kepler inayolingana nayo vizuri kuliko zote, na uitoe diski hiyo kwenye ramani. Kinachobaki ni mikengeuko. Pengo la gesi lina alama yake maalumu: kwenye ukingo wake wa ndani, ambako shinikizo hupungua ukienda nje, gesi huzunguka polepole kidogo kuliko inavyotarajiwa, na kwenye ukingo wa nje huzunguka kwa kasi kidogo zaidi. Tofauti hizo ni za asilimia chache tu. Kwa njia hiyo Richard Teague na wenzake walitangaza mwaka huohuo wa 2018 dalili za sayari mbili katika diski hii hii, kwenye vizio 83 na 137, kila moja ikiwa na masi inayokaribia ya Mshtarii. Rudi kwenye daftari lako: ile ya vizio 83 iko jirani kabisa na pengo la vumbi la vizio 86. Vumbi na gesi vikisema neno moja kuhusu mahali pamoja, hapo ndipo mtu anaanza kuwa na haki ya kulitamka neno sayari. Mwaka 2019 hali kama hiyo ilionekana katika HD 97048, ambako mkunjo wa gesi ulikutwa ndani ya pengo la vumbi kwenye vizio 130.

Kumhoji mshukiwa

Mikunjo ya uongo ni mingi, na sehemu kubwa ya kazi ni kuikataa. Pima kwanza kelele ya picha kwenye sehemu isiyo na diski, na usihangaike na kitu chochote kisichoizidi kelele hiyo mara tano. Mkunjo wa kweli hauonekani kwenye chaneli moja pekee. Huingia, hukua, na hupotea katika chaneli kadhaa zinazofuatana, na haupaswi kutoweka unapotumia picha ya mstari mwingine wa monoksidi ya kaboni au picha iliyopigwa tarehe nyingine.

Mtego mmoja huwanasa wengi. Diski ya gesi ni nene, na kwa mwinamo wa nyuzi 47 unaziona nyuso zake mbili kwa pamoja, ule wa juu ulioelekea kwetu na ule wa chini unaochungulia nyuma yake. Mahali ambapo mistari ya nyuso hizo inakatana, jicho huona mvunjiko ambao haupo. Kabla ya kushangilia, chora mistari ya nyuso zote mbili juu ya chaneli yako na uhakikishe mkunjo hauko kwenye makutano hayo. Mtego mwingine uko katika utayarishaji wa data: ili kupata gesi peke yake, nuru ya vumbi huondolewa, na kama gesi iliyo mbele ya pete angavu ilikuwa imeimeza sehemu ya nuru hiyo, uondoaji huchimba shimo la bandia palepale kwenye pete. Linganisha na mchemraba ambao vumbi halijaondolewa. Usisahau pia kwamba gesi inaweza kuyumba yenyewe bila sayari, hasa katika diski nzito ambayo mvutano wake wenyewe huifanya ijikunje kwa mizunguko mirefu. Huko mikunjo hutapakaa diski nzima badala ya kukaa mahali pamoja.

Nuru ya sayari yenyewe

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote ni kuiona sayari. Sayari changa bado ina joto la kuzaliwa kwake, hivyo hung'aa katika mionzi ya infraredi, na gesi inayoiangukia hupata joto kali na kutoa nuru nyekundu ya hidrojeni kwenye nanomita 656.3. Kazi hii hufanywa na darubini zenye vioo vya mita 6 au zaidi, ambazo hurekebisha mtikisiko wa hewa mara mamia kwa sekunde na aghalabu huiziba nyota kwa kifuniko kidogo ili jirani yake hafifu aonekane.

Kielelezo cha kujifunzia ni PDS 70, nyota yenye umri wa miaka milioni 5 hivi katika kundinyota la Kantarusi, umbali wa miaka ya nuru 370. Katikati ya diski yake mna uwazi mkubwa. Mwaka 2018 chombo cha SPHERE kwenye darubini ya VLT nchini Chile kilipiga picha ya sayari b ndani ya uwazi huo, na mwaka 2019 chombo cha MUSE, kwa kutumia nuru ile nyekundu ya hidrojeni, kiliiona ya pili, sayari c. ALMA ilikwisha kuona dalili za vumbi kuizunguka c, na mwaka 2021 ikalitenganisha wazi vumbi hilo na diski kubwa. Ni diski ndogo ambamo huenda miezi inaundwa. Mwaka 2025 ikaongezwa WISPIT 2b, iliyopigwa picha ikiwa ndani ya pengo safi kati ya pete mbili, kitu kilichokuwa kikitafutwa tangu picha ya HL Tau.

Hata hivyo picha nayo hudanganya. Ili kuiondoa nuru ya nyota iliyobaki, wataalamu hupiga picha nyingi huku uga wa anga ukizunguka mbele ya kamera, kisha hutoa kila kisichozunguka pamoja na anga. Hesabu hiyo ikipitishwa juu ya diski yenye kingo kali, kingo hukatika na kubaki vinundu vinavyofanana kabisa na sayari. Nyota LkCa 15 ilidaiwa kuwa na sayari kadhaa kuanzia mwaka 2012, na picha za mwaka 2019 zikaonyesha kwamba sehemu kubwa ya nuru ile ilitoka kwenye diski yenyewe. Kuhusu AB Aurigae b, iliyotangazwa mwaka 2022 kwenye umbali wa vizio 93 hivi, mjadala bado unaendelea. Ukikutana na dai la namna hiyo, uliza mambo mawili. La kwanza, je, nukta hiyo imesogea kwa mzunguko wa Kepler katika miaka kadhaa, badala ya kubaki mahali pake au kuachwa nyuma na nyota kama nyota ya mbali inavyoachwa? La pili, je, spektra yake, yaani nuru yake ikitawanywa kwa rangi, ni ya kitu chenye joto lake mwenyewe, au ni nuru ya nyota iliyorudishwa na vumbi? PDS 70 b humaliza mzunguko kwa zaidi ya miaka 100, hivyo mwendo wake hupimika ndani ya miaka 10. Sayari ya vizio 260 ya HD 163296 ingehitaji karibu miaka 3,000, na kwa hiyo jaribio la mwendo halitusaidii hapo.

Kuandika matokeo

Masi ndiyo namba inayoulizwa kwanza na ndiyo dhaifu kuliko zote. Hukadiriwa kwa kulinganisha mkunjo au upana wa pengo na miigo ya kompyuta, na njia hizo mbili mara nyingi hazikubaliani kwa sayari ileile, kwa hiyo andika masi ndogo kabisa na kubwa kabisa inayowezekana, pamoja na njia uliyoitumia, usiandike namba moja. Taja tarehe ya uangalizi, mstari wa molekuli, kelele ya picha, ukubwa wa nukta ndogo kabisa ambayo picha inaweza kuitenganisha, na chaneli zote ambamo ishara imeonekana. Mahali pa sayari paandikwe kama pembe kutoka kwenye nyota: sekunde ngapi za tao, na kwenye nyuzi ngapi kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Vizio astronomia vifuate baadaye, pamoja na umbali wa nyota ulioutumia kuvipata. Kabla ya satelaiti ya Gaia, iliyopima umbali wa nyota kwa usahihi, HD 163296 ilihesabiwa kuwa kwenye parsek 122. Kwa umbali huo, sayari tunayoiweka leo kwenye vizio 260 ingeandikwa kuwa kwenye vizio 314, ilhali pembe yake angani haikubadilika hata kidogo.